Simu ya Kezia Ukutani

Semina ile niliichukia tangu mwanzo. Walimu wengi, kompyuta chache, na ofisa aliyekuja kufungua akanywa chai yetu akaondoka. Mimi ni mtu wa Tanga, nimepangiwa Kasulu kufundisha walimu mambo ya intaneti, na subira yangu ni fupi.

Kezia alitoka Rungwe Mpya. Binti yake mdogo, Recho, alikuwa amelazwa na malaria, bibi yake, mama wa Kezia, akimuuguza. Kezia hakutaka kuja, lakini mkuu wake wa shule, Bazilio, alimwambia jina limeshakwenda wilayani. Asubuhi aliniomba jambo moja. Kupiga kulikuwa kunasumbua, basi nimsaidie aingie kwenye grupu la WhatsApp la walimu wa shuleni kwake, apate habari za mtoto. Nikamwandikia mwenzake Japhet, msimamizi wa grupu, akamwingiza. Kezia alifurahi, nami nikafurahi.

Nikawafundisha kupandisha ujumbe kwa kidole, na kwamba tiki zikiwa za bluu ujue umesomwa.

Mchana nikataka kuwaonyesha jinsi ya kufungua WhatsApp kwenye kompyuta, wahamishie humo mitihani waliyoipiga picha. Kezia akajitolea simu yake. Alisimama mbele, ukuta nyuma yake, akaielekeza kamera kwenye laptopu kama nilivyomwambia. Nikabofya grupu lao, nalo kwa projekta likajaa ukutani.

Bazilio alikuwa ameandika: "Mtoto wa mwl Kezia ametutoka. Hapana kumwambia kwa simu. Semeni kazidiwa tu, aje, mama yake atamwambia."

Chini yake: Sawa mkuu. Sawa. Sawa mkuu.

Walikuwa wakimficha Kezia mle mle alimokuwamo. Hakuna aliyeangalia kwamba ameongezwa.

Nikachomoa waya wa projekta. "Umeme," nikasema. Feni juu yetu ilikuwa inazunguka, na hakuna aliyebisha. Ukumbi mzima ulikuwa umesoma, isipokuwa yeye.

Mzee Ildefonce, mwalimu wa Munanila, akainuka. "Mwalimu Kezia, twende tule kwanza. Hiyo simu nipe, nikuwekee chaji."

Kwao mtu hapewi msiba akiwa amesimama, wala akiwa na njaa. Anakalishwa, anaambiwa na wa kwake. Nilimwomba Mungu Kezia aitoe ile simu.

Hakuitoa. Alikuwa anaitazama, kidole gumba kikipandisha polepole, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Kisha akakaa sakafuni. Hakulia. Nikachuchumaa karibu naye, nina hasira na Bazilio, na simu, na mimi mwenyewe.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "nifanyeje wasione kwamba nimesoma?"

"Kwa nini, dada?"

"Mama ananingoja. Yeye ndiye alikuwa naye. Aniambie mwenyewe, anishike. Nikifika najua tayari, atabaki na nini?"

Tangu asubuhi nilikuwa nimewakaripia walimu wanaobahatisha majibu. Swali hili jibu lake nilikuwa nalijua: ukishasoma umesoma, hakuna kitufe cha kurudisha.

"Hawataona," nikamwambia.

Akaifuta skrini kwa pindo la kanga, akampa Ildefonce simu, akaenda kula.