Kompyuta Iliyoacha Kulia

Katika karakana ya makochi, hakuna aliyegusa kompyuta bila sababu. Mikono ya fundi ilishinda na gundi, na mkewe, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, asingeona kitu hata angeiinamia. Wao walisikiliza tu. Barua pepe ikiingia, kompyuta ililia ting, fundi akafuta mikono kwa mafuta ya taa, akaenda kusoma. Siku hizi kazi ya mkewe ilikuwa hiyo: kukaa karibu na meza na kutega sikio.

Walikuwa wakisubiri hospitali. Nafasi ya upasuaji ikipatikana wangeandikiwa, nao wajibu haraka kwamba watafika. La sivyo angepewa mwingine.

Jumapili shemeji wa fundi, mdogo wa mkewe, alikuja akaweka mfumo mpya kwenye kompyuta. Huu wa zamani umechoka kama wewe, alimtania fundi. Fundi akamjibu kwamba waliochoka ndio wanaofanya kazi humu ndani. Wakacheka.

Tangu hapo karakana ikatulia. Fundi aliamini hospitali bado haijaandika. Kila jioni mkewe alisema leo pia kimya, wakafunga mlango wakaenda zao.

Kisha mteja akauliza kwa nini hajajibiwa kuhusu kitambaa, na fundi akafungua kompyuta mwenyewe. Barua zilikuwa zimejaa humo, hazijasomwa hata moja. Ya hospitali ilikuwa katikati. Muda wa kujibu ulikuwa umeisha jana.

Alipiga simu. Dada wa mapokezi alikuwa mpole, na upole ule ndio uliommaliza nguvu. Nafasi imeshachukuliwa. Mgonjwa amerudi mwisho wa foleni. Lini tena, hajui.

Shemeji akaja mbio, akabofya hapa, akabofya pale. Mfumo mpya ulikuwa umezima arifa zote bila kumwuliza mtu. Akaziwasha, akatuma barua ya majaribio kutoka kwenye simu yake. Wakasubiri wote watatu. Barua ikaingia. Sauti haikutoka.

"Mbona nimewasha," akanong'ona.

Mke wa fundi akajisogeza kitini. "Juzi mchana nilisinzia. Labda ililia."

"Haikulia, mama watoto."

"Labda ililia kidogo tu."

Shemeji akaendelea kubofya, ingawa hapakuwa na kitu kipya cha kubofya.

"Wameandikaje?" mke wa fundi akauliza. "Nisomee."

"Muda umeshapita."

"Najua. Nisomee."

Basi fundi akavuta kiti, akasoma polepole: siku, jengo, ghorofa, asile chochote asubuhi hiyo, aje na mtu wa kumshika mkono wakati wa kurudi. Kwa kila agizo mkewe aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeyashika vizuri ili asiyasahau.