Nukta ya Kijani na Uzi wa Manjano

Nuru ya chumba kile haikulijua jua. Ilikuwa ya kijivu, ya kioo, na ndani yake kifua cha mtu kilionekana kama ukungu, moyo ukicheza katikati. Juu ya ukungu huo ilitembea nukta moja ya kijani.

Aliyeifundisha nukta ile ni Thenmozhi. Miaka miwili aliketi peke yake nyuma ya kioo, katika hospitali moja ya mji wa Madurai, akazipitia picha za eksirei elfu arobaini, na katika kila picha akaweka alama pale ilipofika ncha ya waya, ule ambao madaktari huupitisha mshipani hadi moyoni. Hapa ndipo ncha ilipo. Hapa ndipo ncha ilipo. Mashine ikajifunza kwa macho yake, hata ikaweza kuufuata waya yenyewe ndani ya mwili wa mtu na kuionyesha ncha kwa ile nukta, miale ikipunguzwa mgonjwa asidhurike.

Nyumbani hakuwa na wa kumwambia neno. Tangu mumewe Kathiravan afe, alipika wali wa mtu mmoja na bado ulibaki. Wauza asumini walimpita mlangoni bila kumwita, maana mjane havai maua, na mtaa mzima ulilijua hilo kuliko ulivyolijua jina lake. Alikuwa mpweke, na alichoka kuwa mpweke.

Jambo moja hakuifundisha mashine: thali, kile kidani cha dhahabu ambacho mume humfunga mke shingoni siku ya arusi. Yake ilifunguliwa siku za msiba, ikatumbukizwa katika bakuli la maziwa kama ilivyo desturi ya wajane, naye akaisikia ikigonga chini. Tangu hapo kila picha yenye thali aliitupa kando. "Picha mbovu," aliwaandikia mafundi wa mashine. Hazikuwa mbovu. Hakuweza kuzitazama, basi.

Ndipo akaletwa Ponnuthai, bibi wa miaka sabini, kuwekewa betri ya moyo. Jana yake ilikuwa sikukuu ya arusi ya mungu wao wa kike Meenakshi, siku ambayo wake wa mji hubadilisha uzi wa thali, wakafunga mpya uliopakwa manjano. Uzi wa bibi ulikuwa bado unanukia.

"Bibi, tuivue kidogo tu," nesi alimbembeleza.

"Uivue, halafu yule mzee aliyekaa huko nje utamwambia nini? Miaka hamsini na mbili nalala nayo. Hata tukinuniana nalala nayo."

Nesi akacheka, akaisogeza begani, akaibandika plasta. Lakini plasta na manjano hazishikani. Chini ya shuka, pasipo mtu kuona, thali ikateleza ikarudi kifuani.

Dhahabu haing'ai kwenye eksirei ya namna hiyo. Hutoka nyeusi, nyeusi sawasawa na waya.

Nukta ikasimama. Daktari Ilango, aliyekuwa akiupitisha waya, akadhani umekwama njiani, akausukuma taratibu. Nukta haikusogea. Akausukuma tena.

Nyuma ya kioo Thenmozhi aliliona umbo ambalo nukta imetulia juu yake, umbo ambalo angelijua hata kwa kupapasa gizani. Na chini zaidi, hafifu, akaiona ncha ya kweli. Ilikuwa imekwisha kufika ukuta wa moyo, inaubonyeza.

"Daktari, acha mkono," alisema kwenye kipaza sauti. "Hiyo si ncha. Ni thali."

"Una hakika, dada?"

"Nina hakika. Kosa ni langu."

Mkono ukaacha. Miale ikaongezwa, waya ukarudishwa nyuma kidogo. Ingekuwa msukumo mmoja zaidi, moyo wa bibi ungetoboka.

Walipomtoa kwa kitanda cha magurudumu, Ponnuthai alimwita Thenmozhi.

"Ni wewe uliyeiona thali yangu? Na yako iko wapi, mwanangu?"

"Ilikwenda na mwenyewe, bibi."

Wengine wakisikia hivyo hujisogeza kando, wakiogopa nuksi ya mjane. Bibi aliushika mkono wake, akaushikilia mpaka kitanda kikasukumwa.

Asubuhi yake Thenmozhi aliwaambia mafundi ukweli, kisha akazifungua zile picha alizozitupa. Elfu sita. Elfu sita za shingo zilizofungwa thali na mtu. Ya kwanza ilimliza, akaweka alama hivyo hivyo machozi yakimtoka. Hii si ncha. Hii ni thali. Ya pili. Hii si ncha. Hii ni thali.

Wiki nyingi zikapita. Siku ya kuijaribu mashine kwa mgonjwa mwingine aliyevaa thali, nuru ilikuwa ile ile ya kijivu, moyo ukicheza katikati. Nukta ya kijani ikashuka, ikaifikia thali, ikaipita, ikaenda zake moyoni.

Thenmozhi alibaki pale pale kwenye thali, akiitazama.