Kadi ya Mpiga Pasi

Mkasi uligoma tena. Mama Maua aliuminya kwa mikono miwili, kitambaa kikajikunja katikati ya makali, akautupa mezani na kushusha pumzi. Kando yake kulikuwa na kipande cha boksi la sabuni kilichokunjwa vizuri, kikisubiri ua.

"Unalitafuna hilo ua, hulikati," mfuaji aliyekuwa akipita na kapu la mashuka alimtania. "Mlinzi wetu anatimiza hamsini kesho. Usimpe ua lililoliwa na panya."

"Basi likate wewe. Na ujue hii ndiyo kadi yangu ya mwisho."

Mfuaji alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaenda zake.

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Maua alikuwa akishona mashuka yaliyochanika katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mabaki ya vitambaa aliyafanya maua, na maua akayabandika kwenye kadi za siku za kuzaliwa za wenzake. Hakuna aliyesahauliwa. Ndani aliandika maneno mawili matatu ya heri, na chini kabisa, kila kadi, kila mwaka: *Nisalimie mama.* Aliyepewa alisoma kwa sauti mbele ya wote, akafika hapo, akajibu, "Zitafika." Ndiyo ilikuwa desturi yao.

Wiki tatu zilizopita ilikuwa zamu ya mpiga pasi, shoga yake wa kufa na kuzikana. Mama Maua aliiandika kadi ile baada ya kushona mashuka sitini, macho yakimuuma, na mkono ukaenda wenyewe. Mpiga pasi alisoma kwa furaha hadi chini. "Nisalimie mama," akasoma. "Zitafika!" Akaitia kadi mfukoni, akarudi kwenye pasi yake.

Wenzao wakatazamana. Mama wa mpiga pasi alikuwa na miezi minne kaburini. Mama Maua mwenyewe alikaa msibani siku tatu, akiosha masufuria mpaka vidole vikakunjamana.

Tangu kesho yake wawili hao walibaki na "habari" na "nzuri" tu, macho chini. Mama Maua alijiona hovyo. Usingizi ulimruka, na kila akishika karatasi aliiweka chini tena.

Siku hiyo ya kukata ua la mlinzi, kazi ilipokwisha, hakwenda kwake. Alikwenda kupiga hodi kwa mpiga pasi.

"Shoga, nimekuja kuomba radhi. Sina la kujitetea. Mkono ule..."

"Vua viatu kwanza, ukae."

Alikaa. Mpiga pasi naye akakaa, bado na aproni ya kazini, akaanza kusugua alama ya kuungua kwenye kifundo cha mkono wake.

"Ungekosea peke yako, ningekusamehe palepale," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyejibu zitafika. Mimi, mtoto wake! Na unajua nilirudi hapa nikafanya nini? Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba chake. Nimeshika kitasa, nimeshasema, 'Mama, unasalimiwa.' Ndipo nikakumbuka."

Mama Maua aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nilikukasirikia wewe kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumkasirikia. Nimechoka, mwenzangu. Chumba chake sijakifungua mpaka leo. Dada yangu anataka kitanda cha mama, kila siku nampiga chenga."

"Tukitoe sasa hivi?"

"Una nguvu?"

"Sina hata chembe."

"Hata mimi. Haya, twende."

Chumba kilinuka dawa ya kuchulia na vumbi. Walikunja godoro, wakaliegemeza ukutani, wakashika kitanda huku na huku. Kilikuwa cha mbao nzito, za zamani. Walikivuta, wakapumzika, wakakivuta tena, hadi kikafika mlangoni na kukwama.

"Inua upande wako," alisema mpiga pasi kutoka sebuleni.

"Nimeinua. Wewe ndiye uliyelala huko."

Walikigeuza ubavu, wakakirudisha, wakakipindua miguu juu. Wapi! Jasho liliwatiririka, na katikati ya kusukuma kicheko kikawashika, kisha kikageuka kilio kwa mpiga pasi, naye hakujificha.

"Hivi mama yako alikiingizaje humu?" Mama Maua aliuliza, akihema.

Mpiga pasi alijifuta uso kwa aproni. Alikitazama kitanda, akautazama mlango.

"Hakukiingiza," alisema polepole. "Fundi alikiundia humuhumu ndani."

Wakakilaza pale pale kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Kisha wakakikalia, mmoja miguu yake ikiwa sebuleni, mwingine chumbani, migongo yao ikiegemeana, na hakuna aliyesema tena habari ya kusukuma.