Kadena Juu ya Maji

Siku ambayo yote yaliharibika ilikuwa posho, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi, mwaka 2024. Huku Likasi Jumamosi tunaiita posho, juu wazee wetu walikuwa wanapimiwa unga siku ile kwenye kazi ya shaba. Mimi siku ile sikupimiwa kitu. Siku ile ng'ombe wangu Dimanche alilala chini akiangalia tangi imejaa maji safi, na robine, mfereji wa tangi, ilifungwa kadena, kufuli kubwa ya manjano, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema ufunguo uko kwake.

Nianze na bibi yangu, mke wangu Clotilde, juu bila yeye hutaelewa ng'ombe huyu alikuwa wa nini. Clotilde alikufa mwezi wa pili. Hospitali walisema tulete dawa, tukaleta. Wakasema daktari ameenda mkutano, tungoje, tukangoja. Wakubwa wa nchi hii hakuna kazi wanayoijua kama kungojesha watu. Clotilde alingoja mpaka roho yake ikachoka kungoja.

Katika ukoo wa bibi yangu, mwanaume akifiwa, kifo kinabaki juu yake. Haoi. Hakai mbele kwenye kikao. Kitu kipya cha kijiji hakishiki wa kwanza. Anabaki vile mpaka ukoo wa marehemu wamuachilie. Mjomba wake Clotilde, Papa Casimir wa Kambove, aliwakusanya wenzake, wakaongea, akaniita.

"Octave, mutoto wetu haukumutesa," alisema. "Tuletee ngombe moja ya mimba. Isimame na miguu yake mbele yetu, iko muzima. Tutakupaka unga, tutakuambia enda na amani."

Siku ikawekwa mwisho wa mwezi wa kumi, mbele ya mvua haijaharibu njia. Nilikubali haraka. Ng'ombe tulikuwa naye mmoja tu, na mimba alikuwa nayo. Clotilde alimnunua akiwa ndama kwa jasho la kuuza mikate, akamleta siku ya Mungu watu wakitoka misa, ndiyo maana jina likawa Dimanche, Jumapili kwa Kifaransa. Alichungwa na Bertin, mdogo wake Clotilde, kule juu nyuma ya Kambove, mahali miti inakwisha na nyasi inaanza. Mimi ni mtu wa mjini. Nilikuwa nachomelea vyuma kiwandani mpaka walipotufukuza, na masomo yangu yaliishia chini kabisa. Lakini kila juma nilipanda kinga yangu, baiskeli ya zamani, nikaenda kumwona Dimanche. Alikuwa anajua kikohozi changu.

Mwaka ule mvua ilikuja vibaya, ikakatika mapema. Kijito cha kule kikabaki mchanga. Maji yaliyobaki ni yale ya mashimo ya wachimbaji, wanamoosha mawe yao, maji ya kijani kama sufuria ya shaba isiyosuguliwa. Bertin alikuwa anapeleka ng'ombe mbali sana, upande wa chini, wanywe kwenye chemchemi ndogo, warudi wamechoka kuliko walivyoenda.

Hapo ndipo proje, mradi wa maji, ikafika. Gari nyeupe, kofia nyeupe, kibao kikubwa chenye picha ya mikono miwili ikishikana. Mkono mmoja ni wa watu wa msaada kutoka ng'ambo. Mwingine ni wa asosiasio, chama cha hapa, Mwangaza wa Wafugaji. Prezida wa asosiasio ni Magloire, mwenye duka la fotokopi karibu na stesheni ya Likasi. Magloire hajachunga hata kuku. Niliuliza ni mfugaji gani aliyemchagua. Wakaniambia, papa, bazungu wanatafuta watu wa hapa hapa wa kutumika nao, na Magloire iko na ofisi na kompyuta. Sawa. Mwenye kompyuta ndiye mwenye ng'ombe.

Wakachimba, na maji wakayapata. Siku ile bomba iliporusha maji juu, ng'ombe wote wakainua vichwa. Wakajenga tangi, wakajenga mahali pa kunyweshea, simenti safi unaweza kulala juu yake. Halafu wakafunga kadena.

Nisiwaseme wao peke yao. Kikao kilifanywa, na wazee walikubali. Kitu kipya kinamngoja mgeni, ndiyo desturi yetu, na mwenye kukigusa mbele ya mgeni anaharibu baraka. Clotilde mwenyewe alikuwa na glasi zake kabatini, hata mimi sikunywea. Zilikuja kutolewa siku ya matanga yake. Kwa hiyo Magloire aliposema wakubwa wa msaada watakuja kukata kamba na kuonja maji wa kwanza, watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Walikuwa wametupa soda.

Mgeni alikuwa aje mwezi wa nane. Ikasemwa mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa ukakwisha na kadena bado inang'aa.

Mimi nilianza kuangalia chini. Mtu akikuambia angalia juu, kwenye kibao, wewe angalia chini. Asubuhi moja nilikuta udongo chini ya robine umelowa, na alama za matairi.

"Ni umande, shemeki," Bertin alisema.

"Umande iko na matairi?"

"Ao bomba inavuja."

"Inavuja mu pipa ya nani?"

Bertin alicheka kidogo, akageuka kuwaita ng'ombe wake. Nyuma ya kilima kuna watu wanafyatua matofali, na matofali yanataka maji. Sikumwona mtu akiyachota, siwezi kuapa. Lakini udongo ulikuwa umelowa.

Nikashuka mpaka Likasi, moja kwa moja kwa Magloire. Alikuwa anatengeneza mashine yake, vidole vyeusi na wino.

"Papa Octave, karibu. Unakuya juu ya fotokopi ao juu ya politike?"

"Nakuya juu ya ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Ule unafunga maji. Ngombe banakauka, Magloire. Wangu iko na mimba, na ni wa kifo ya bibi yangu. Unajua."

"Najua, papa. Lakini minye ni prezida, siko sentinele wa kulinda tangi. Kadena ililetwa na bale ba msaada. Ufunguo iko kwabo."

"Bapigie."

Alinitazama, akaona sitoki. Akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia. Aliitika Madame Sylvie, mama mmoja wa ofisi yao ya Lubumbashi, sauti tamu kama mtangazaji wa redio.

"Papa, pole sana," alisema. "Lakini siye hatushikake mali ya jamii. Ile proje ni yenu. Ufunguo iko na partenaire, mushirika wetu wa hapa."

"Partenaire wa hapa njo minye, Madame," Magloire alisema.

"Basi mutaelewana, Président. Tunakuamini."

Simu ikakatika. Magloire aliiangalia, halafu akaniangalia mimi.

"Umesikia? Banatuamini."

Kiunoni kwake kulikuwa na funguo nyingi kama za sista wa misioni. Nilimuuliza zote zile ni za nini. Za duka, za nyumba, za pikipiki. Na ule mdogo wa manjano?

"Ule ni wa sanduku ya Mama Blandine," alisema. Blandine ni bibi yake. "Unataka kufungua sanduku ya bibi ya muntu, papa?"

Watu waliokuwa wanangoja fotokopi walicheka. Nikatoka. Bado naona ule ufunguo wa manjano. Ufunguo wa sanduku ya mwanamke na kufuli ya tangi, vyote vya rangi moja, ni bahati gani hiyo?

Nilirudi juu na patasi ya chuma mfukoni, ile ya kazi yangu ya zamani. Kadena kwa mtu wa vyuma ni kama karanga. Nikamwambia Bertin, twende nikavunje.

"Weye?" Bertin alisema. "Weye njo mwenye kifo juu yake. Ukishika maji mupya wa kwanza, nani atakunywa nyuma yako? Batasema Clotilde iko ndani ya tangi."

"Basi vunja weye."

"Minye nachunga ngombe ya bantu. Bakinifukuza mu proje, ngombe ya bantu itakosa dawa, batanikula minye. Shemeki, ngoja posho. Banasema wageni banakuya posho, na sasa ni kweli."

Nikaweka patasi mfukoni. Hakuna aliyesimama na bunduki pale. Wakubwa wetu hawana haja ya bunduki. Wanaacha kadena, wanaenda, sisi wenyewe tunailinda.

Basi posho ile, tarehe kumi na mbili. Magloire alikuwa ametuma neno tangu jana yake, ng'ombe wasipelekwe mbali, wawe karibu, safi, wageni wawakute. Kwa hiyo Ijumaa mchana hawakunywa, na asubuhi ya posho hawakunywa. Hema lilisimamishwa. Mama mmoja aitwaye Arlette alipika wali kwenye sufuria kubwa. Chifu alivaa koti. Tukakaa. Jua likapanda. Ng'ombe walikuwa wamesimama mbele ya ile simenti safi, wanailamba.

Jua likiwa utosini, simu ya chifu ililia. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akafunga.

"Mission ya wageni imesukumwa mbele," alisema. "Mukubwa amebakia Kinshasa."

"Na maji?" nikauliza.

"Maji iko pale, Octave. Haitembei."

Watu walianza kula wali. Hapo ndipo Dimanche alipotoka kwenye kundi. Alikuwa anatembea mbio, ile mimba inayumba, na mimi nikaelewa anakoenda kwa sababu upepo ulikuwa unatoka upande wa mashimo. Tulimkimbilia mimi na Bertin. Tulimkuta amezamisha mdomo kwenye maji ya kijani, anakunywa kama mtu aliyetukanwa. Bertin alimvuta kamba, mimi nilimpiga mgongoni kwa mkono, mkono tu. Hakuinua kichwa mpaka aliposhiba.

Alirudi mwenyewe, pole pole, mpaka mbele ya tangi. Akakunja miguu ya mbele, halafu ya nyuma. Tumbo lilivimba. Alitoa povu. Nilikaa karibu na kichwa chake nikakohoa, ajue ni mimi. Jioni ya mapema alikufa, na ndama ndani yake. Hakufika siku ya jina lake.

Papa Casimir alikuja kesho yake na wazee wawili. Aliizunguka maiti ya ng'ombe, akaangalia mashimo, akaangalia kadena. Bertin aliuliza kama ngozi na pembe vinaweza kufaa.

"Mufiwa haachiliwi na ngozi," mzee alisema. "Tulisema mwenye kusimama."

"Mjomba, mimi sina mwingine," nilimwambia.

Aligeuka, akaitazama kadena tena. Ni mtu wa haki, lazima niseme, haki yake ni ngumu lakini ni haki.

"Haukuua ngombe weye," alisema. "Ngombe aliuliwa na ule alikuwa na ufunguo. Kwetu muntu akiua mali ya kifo, kifo inatoka kwa mufiwa, inaenda kwake. Ni yeye atatulipa. Octave, tuletee jina. Jina tu. Siku utaleta jina, tutakupaka unga. Mpaka pale, kifo ya Clotilde iko juu yako."

Nilisema jina la Magloire. Mzee akauliza, ulimwona na ufunguo ule ukifungua kadena ile? Sikumwona. Nilisema jina la Madame Sylvie. Akauliza, alikuja huku? Hajawahi kuja. Mzee akatikisa kichwa. Kifo hakipelekwi kwa mtu kwa kukisia, alisema.

Wageni walikuja mwezi wa kumi na moja, mvua tayari imeanza. Hema lilikuwa linavuja juu ya suti zao. Kijito kilikuwa na maji, ng'ombe walikuwa wameshiba, wengine walilala nyuma ya tangi bila hata kuiangalia. Kulikuwa na wimbo, kulikuwa na hotuba. Neno partenaire lilipita pale kama nzi, mara kwa huyu, mara kwa yule. Halafu Chérie, binti wa chifu, akaja na sahani yenye kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa, ufunguo. Mdogo. Wa manjano.

Mkubwa alifungua, akajaza glasi, akaonja, akasema mazuri. Makofi. Wakauliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama nyuma, mahali pa mfiwa, kofia mkononi.

"Mimi ni Octave," nilisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Mbele ya kuja kwenye sahani, ufunguo ule ulikuwa kwa nani?"

Mkubwa alimwinamia Madame Sylvie, aliyekuja nao, akatafsiriwa. Mkubwa akatabasamu.

"Swali nzuri," Madame Sylvie alisema. "Partenaire wetu atajibu."

Magloire alisimama, akafunga kifungo cha koti. Funguo zake zililia kiunoni.

"Tunashukuru papa juu ya swali," alisema. "Ile ni mambo ya pamoja. Tulikuwa pamoja tangu mwanzo."

Nikamgeukia Chérie. Aliinama. Alisema alipewa sahani ikiwa tayari imefunikwa. Na aliyempa? Mama Arlette wa wali. Na Mama Arlette? Aliikuta mezani. Wakati ule muziki ulianza, na mtu mmoja wa kofia nyeupe akanishika bega kwa upole, akanionyesha mahali pa soda.

Sikuchukua soda. Nilienda kumtafuta Papa Casimir, alikuwa amesimama pembeni chini ya mvua, unga wake mweupe kwenye kitambaa, amefunga ndani ya koti usilowe. Alikuja nao. Alitumaini, kama mimi.

"Umeleta jina?" aliuliza.

Nilimwangalia Magloire akicheka na wageni. Nilimwangalia Madame Sylvie akifunga mlango wa gari. Nikatikisa kichwa. Mpaka leo naendelea kuzunguka na swali lile, dukani kwa Magloire, kwa chifu, kwenye simu ya Lubumbashi isiyoitika tena, na unga uko kwa mzee, na kifo kiko juu yangu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani?