Kipande cha Themanini na Sita

Kila Jumamosi mchana, waumini waliotaka kushiriki Meza ya Bwana kesho yake walimpelekea mzee wa kanisa kadi zao. Naye alizihesabu, kisha akapeleka idadi kwa mama mkwe wake, aliyeoka mkate wa Meza. Asiye na kadi hana kipande. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe, akaupenda kuliko viatu vyake vya Jumapili, na viatu hivyo, jamani, alivipenda. Watu walimwita Mzee Kadi, nyuma ya mgongo wake na, wakijisahau, hata mbele yake.

Jumamosi hii zilikuja kadi themanini na nne. Ya mwanawe haikuwamo. Aliichana yeye mwenyewe miaka mitatu iliyopita, mbele ya kanisa zima, siku kijana alipokiri kwamba ndiye aliyeng'oa mabati ya paa la kanisa akayauza. Kijana akaondoka kwa aibu. Mwezi uliopita alirudi, na tangu hapo kila ibada alikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Jana alimwomba baba yake kadi mpya.

"Nitafikiri," Mzee Kadi alimjibu, na hakufikiri kingine tangu hapo.

Alimkuta mama mkwe jikoni, kisu mkononi, mkate ukiwa bado wa moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Wangapi?"

"Themanini na nne. Na uniwie radhi, mama, naomba viwe themanini na nne kweli. Mwezi mzima sasa, kila Jumapili kinabaki kipande. Najua unamkatia nani."

"Namkatia mume wangu," alisema bibi, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake. "Unaona wivu?"

"Mama, hana kadi! Neema ni ya wote, sikatai. Lakini meza ina utaratibu wake."

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake, baba."

"Huyu ameniaibisha mbele ya watu."

Bibi akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, bila haraka yoyote.

"Basi ngoja nikwambie. Wewe ukileta themanini na nne, mimi nakata themanini na sita. Kimoja cha mume wangu. Kingine unakula wewe."

"Mimi ni mzee wa kanisa!"

"Kadi yako ulimpa nani?"

Mzee Kadi akapapasa mfuko wa shati. Kadi yake ilikuwa kwenye droo ya meza nyumbani, ndani ya bahasha, safi kama siku ilipochapishwa. Miaka yote alikuwa akipokea kadi za wenzake, na haikumjia akilini hata mara moja kuiongeza ya kwake.

"Miaka kumi na mmoja," alisema bibi. "Umekula bila kadi miaka kumi na mmoja, na sijakuona ukipaliwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Ulikuwa na njaa kama wengine."

Mzee Kadi alikuwa amehudhuria semina tatu kuhusu neema, na daftari la semina hizo alilitunza vizuri. Bibi huyu hakumaliza hata darasa la tatu. Sasa Mzee Kadi alimtazama akirudi kukata mkate, vipande vyote sawasawa, cha mchungaji na cha mwizi wa mabati, akamheshimu kuliko alivyowahi kumheshimu mtu yeyote. Akaaga kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Jumapili, mchungaji alipokwisha kuubariki mkate, Mzee Kadi alipitisha sinia kama kawaida. Yeye hula wa mwisho. Wote walipokwisha kula, vilibaki vipande viwili. Badala ya kurudi mbele, aligeuka akaelekea mlangoni, viatu vyake vikilia kwenye sakafu, na kanisa zima likapinda shingo kumfuata.

Nje, kijana alipomwona anakuja na sinia, alisimama haraka.

"Baba, mimi sina kadi."

"Hata mimi," alisema baba yake. "Hebu sogea nikae."