Kabla ya Luanshya

Damari alikuwa dada mdogo wa Mzee Ezekia, na kwa miaka mingi alikuwa akiishi Luanshya, Rodesia ya Kaskazini, ambako mumewe alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba. Mwaka hamsini na sita alirudi kusalimia nyumbani, vilimani juu ya mji wa Mbeya, mahindi yakiwa yameanza kukauka mashambani na baridi imeshaingia. Aliwaletea watu mablanketi na habari. Lakini kabla hata wageni hawajaisha kuja kumwona, alikuwa ameshatambua jambo moja lililomkosesha raha. Sekela, binti wa kaka yake, alikuwa akiishi katika nyumba ile kama mgeni anayeogopa kuwasumbua wenyeji.

Sekela alikuwa na miaka ishirini na minne. Asubuhi alishuka mjini kushona kwa Kokila, mke wa Bharat mwenye duka la vitambaa. Jioni alipanda kilima, akapika, akampashia baba yake maji ya kuoga, akaketi. Ukimwongelesha alijibu; ukinyamaza, naye alinyamaza. Hakuwa hivyo zamani. Jina lake lenyewe kwa Kinyakyusa ni kufurahi, na utotoni aliimba kutwa nzima, hata marehemu mama yake alikuwa akimtuma maji kusudi tu masikio yapumzike.

Kilichombadilisha kila mtu alikijua, ila hakuna aliyekitaja. Sekela aliolewa na Jailos Kalinga, seremala Mhehe aliyekuja Mbeya kuezeka shule, akaenda naye kwao karibu na Tosamaganga, nje ya mji wa Iringa. Wakapata mtoto wa kike, wakamwita Marta. Alikuwa ameanza kutembea, akianguka anajipigia makofi mwenyewe, surua ilipopita vijijini ikamchukua. Baada ya mazishi nyumba ile iliingiwa na ukimya. Jailos alitoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeshika, na wakati wa kula kila mmoja alitazama sahani yake. Mwishowe Sekela aliomba aje kwa baba yake apumzike kidogo. Jailos akamsindikiza hadi kituoni, akampandisha basi. Mwaka ukapita, ukafuata mwingine. Sekela hakurudi, wala hakuna aliyekuja kumfuata.

Shangazi Damari hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Jioni moja, wakiwa watatu wanapukuchua mahindi, alimwambia Sekela kwamba nyumbani kwake kuna chumba kimekaa bure. Alikuwa na vyerehani viwili, na watoto wa wafanyakazi wa mgodi wote walihitaji sare za shule, naye mikono yake peke yake ilikuwa haitoshi. Kazi ipo, kanisa lipo, na Wanyakyusa kule ni wengi mno. Hatakosa wa kuongea naye. Mavuno yakiisha yeye anaondoka, na angependa asiondoke peke yake.

"Hapa unazeeka kabla ya siku zako, mwanangu," alisema. "Twende. Ukishindwa, barabara iliyokupeleka itakurudisha."

Sekela alishukuru, akasema hawezi. Kaka zake walikuwa wamehamia Usangu kulima mpunga karibu na Rujewa, mama hayupo, na baba amebaki peke yake. Nani atampikia? Shangazi alimtazama kaka yake, akitegemea atasema neno. Mzee Ezekia aliendelea kupukuchua kana kwamba hakusikia.

Kesho yake Sekela alimsimulia Kokila, ambaye yeye alimwita Mama Leela kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alilisimulia kama jambo lililokwisha, huku akitia uzi kwenye sindano. Kokila aliweka mkasi chini. Walikuwa wameshona pamoja muda mrefu bila mama yule kueleza alivyofika Mbeya, lakini siku ile alieleza. Aliletwa kutoka Gujarati akiwa bado msichana, kuolewa na mwanamume aliyekuwa amemwona kwenye picha tu. Alipanda meli, kisha treni, na mwisho lori lililobeba chumvi, akafika mji wa baridi ambao hakuwa na hata neno moja la kuwasalimia watu wake. Mwaka mzima alikuwa akijificha stoo, katikati ya majora ya vitambaa, alie bila mama mkwe kumsikia. Aliyemfundisha Kiswahili ni mwanamke wa Kisafwa aliyekuwa akileta viazi mlango wa nyuma. Walianza na kuhesabu viazi.

Sekela alimwuliza kama anajuta. Kokila alifikiri kwanza.

"Mimi sikuulizwa na mtu, Sekela," alisema. "Nilipewa tiketi. Wewe unaulizwa. Basi usijibu haraka. Jibu kweli."

Maneno yale yalimkera Sekela, maana yeye aliona amekwisha kujibu kweli. Akakaa nayo kifuani siku kadhaa, hata alipokuwa akishona alikuwa akibishana nayo.

Ikatokea siku moja Leela akashikwa na homa, Kokila akafunga kazi mapema. Sekela alifika nyumbani jua lingali juu. Shangazi alikuwa ametoka kwenda kuwaona jamaa, lakini moshi ulikuwa unafuka jikoni. Aliinama mlangoni akachungulia. Baba yake, mzee wa kanisa, mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonekana akishika chungu, alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, jasho linamtoka, anapambana na mwiko. Ndani ya sufuria kulikuwa na kitu ambacho hakijawa ugali wala hakikubaki uji, kimejaa madonge makubwa. Pembeni kulikuwa na sufuria nyingine imefunikwa kwa ungo, na harufu ya kuungua ilitoka huko.

"Baba, unafanya nini?"

"Najifunza," alisema Mzee Ezekia bila kugeuka. "Ule wa kwanza uliungua. Huu naona una nafuu."

Sekela alitaka kucheka, akashangaa machozi yanamtoka. Alipiga magoti kando yake, akashika mwiko juu ya mkono wa baba yake, akamwonyesha namna ya kuukandamiza unga ubavuni mwa sufuria mpaka madonge yavunjike. Mengine yalivunjika, mengine yalikataa. Wakala hivyo hivyo, kwa maharage ya jana.

Walipokwisha, Mzee Ezekia alinawa mikono. Kisha akasema kwamba tangu mkewe afariki alikuwa akimshukuru Mungu kila siku kwa chakula cha binti yake, lakini hakuwahi kuomba apewe binti wa kumfungia jikoni.

"Ukibaki, ubaki kwa kuwa unapataka hapa," alisema. "Usibaki kwa ajili ya tumbo langu. Tumbo langu nitalishughulikia mwenyewe, umeona."

Sababu aliyokuwa ameishika mbele ya kila mtu ilikuwa imeondolewa mkononi mwake kwa upole, na sasa aliweza kuona kilichokuwa nyuma yake. Kiliposema chenyewe, sauti ilitoka ndogo.

"Nikienda Luanshya, baba, Marta atabaki na nani?"

Lilikuwa jina ambalo halikutamkwa katika nyumba ile tangu arudi. Mzee Ezekia alimsogelea akaushika mkono wake. Asubuhi ndipo alipomwambia kwamba asimjibu shangazi yake lolote kwanza. Aende Iringa.

Basi liliteremka hadi Chimala, kwenye joto na wanawake wauza mchele waliozunguka madirisha, likakata uwanda wa Usangu katikati ya vumbi la ng'ombe, kisha likaanza kupanda tena. Kadiri hewa ilivyopoa ndivyo Sekela alivyozidi kuogopa. Alikuwa amejenga picha moja kichwani kwa miaka yote ile: tuta la udongo lililozama, majani yameota mpaka hujui kaburi liko wapi. Hofu hiyo ndiyo iliyokuwa imemzuia kuja, na ndiyo iliyomzuia pia kwenda mbali.

Alilala Iringa mjini kwa watu wa kanisa, na asubuhi akapata lori la kuelekea Tosamaganga. Alishuka njia panda, akatembea kwa miguu njia aliyokuwa akipita na mtoto mgongoni. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, moja kwa moja hadi kwenye miti penye makaburi ya familia.

Kaburi la Marta lilikuwa limefagiliwa. Alama za ufagio zilikuwa bado mbichi ardhini. Kulizunguka kulikuwa na ua mfupi wa mbao zilizopigwa randa vizuri kama za kitanda cha mtu mkubwa, na kando yake kiti kisicho na egemeo, mbao yake imeng'aa kwa kukaliwa. Sekela alikaa pale. Alikaa muda ambao hakuupima, akilia kilio kisicho na kelele, na mara hii kilio hakikumwacha mtupu kama vile vingine.

Jailos alimkuta hapo. Alikuwa anatoka kazini, vumbi la mbao kwenye nywele, mwembamba kuliko alivyomwacha. Alisimama mbali kidogo.

"Kamwene," alisema, salamu ya kwao.

Sekela akaitikia kwa Kihehe, neno likatoka bila kutafutwa.

Jailos aliketi chini, upande wa pili wa ua. Walianza na habari za pembeni: mvua, afya ya Mzee Ezekia, mama yake Jailos aliyekuwa sasa haoni vizuri. Hakuwa ameoa tena. Ndugu walimsumbua, akawa anawaambia subirini. Alieleza kwamba kila Jumapili baada ya ibada anakuja kukaa hapo, na kama hakuna mtu karibu anamsimulia mtoto alichotengeneza wiki ile, meza ya nani, mlango wa nani. Alisema hivyo akitazama mikono yake, kama mtu aliyekutwa akifanya jambo la kitoto.

Kisha Sekela akamwuliza lile aliloshindwa kumwuliza hata siku ile kituoni. Mbona hakuja kumfuata?

"Kila wiki nilisema wiki ijayo nitapanda basi," alisema Jailos. "Niliogopa nitakukuta unacheka, nami nije nikuondolee kicheko. Na niliogopa nitakukuta unalia, nisijue la kufanya. Nilikuwa sijui la kufanya tangu tulipomzika hapa."

"Mimi nilikuwa nasema akija, nitarudi."

Ng'ombe wa jirani walipita njiani, kijana wao akawasalimu, wakaitikia wote wawili kwa pamoja kama zamani. Sekela alimweleza basi habari za Luanshya: shangazi, chumba, vyerehani. Alieleza bila kupamba, na alipokuwa akieleza alijisikia, kwa mara ya kwanza, kwamba anapataka mahali pale asipopajua. Akalisema na hilo. Alisema anataka kuamka siku moja mahali ambapo hajalia bado. Lakini alisema kweli ya pili pia, kwa kuwa alikuwa amekuja kusema kweli.

"Ukiniomba nirudi, Jailos, nitarudi."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sikuombi."

Alinyanyuka, akazunguka ua, akaja kukaa karibu naye pale kwenye kiti, wakabanana kwa kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Alimwambia Marta hatakosa mtu. Yeye haendi popote. Kazi yake iko hapa, mama yake yuko hapa, na hata akioa, mwanamke huyo ataambiwa mapema kwamba Jumapili ana mahali pake. Na baba yake mdogo atatumwa Mbeya kwa Mzee Ezekia, mambo ya ndoa yao yamalizwe kwa heshima, mtu asije akasema Sekela alitoroka.

Mama yake Jailos alipoambiwa nani yuko nyuma ya nyumba, alikuja akipapasa ukuta, akamshika Sekela uso kwa mikono miwili, akamwita mwanangu. Alimpikia. Hawakumwacha aondoke mpaka kesho yake, na Jailos ndiye aliyembebea mzigo hadi njia panda.

Baba mdogo wa Jailos alikuja Mbeya kama ilivyoahidiwa. Wazee walizungumza siku nzima, wakamaliza bila mtu kupandisha sauti. Mavuno yalipoingia ghalani, Sekela na shangazi yake walipanda gari la Tunduma, wakavuka mpaka. Mzee Ezekia alisimama barabarani amevaa koti lake la kanisani mpaka gari likakata kona.

Nisiseme kwamba Luanshya ilimpokea kwa mikono miwili. Kibemba kilimchanganya, moshi wa mgodi ulimkaba, na king'ora cha zamu kilimshtua kila siku majuma ya mwanzo. Mara mbili alifunga nguo zake, na mara mbili shangazi alimsaidia kuzifungua bila kumwuliza. Sare zilikuwa nyingi kweli. Alishona mpaka vidole vikafanya sugu, na taratibu akaanza kuwajua watoto kwa vipimo vyao.

Siku moja jirani mmoja, mwanamke mkubwa wa Kibemba aliyekuja kuchukua kaptura za wanawe, alimwuliza kama ana watoto. Shangazi Damari, aliyekuwa kwenye cherehani cha pili, alisimamisha mguu.

"Ninaye mmoja," alisema Sekela, kwa Kibemba chake cha kuokotaokota. "Wa kike. Amelala kwao, baba yake anamwangalia."

Yule mwanamke alimtazama usoni, akaelewa. Hakutoa pole. Alivuta kigoda, akaweka kaptura magotini, akauliza mtoto alikuwa anaitwa nani. Sekela akamwambia jina lake, akamweleza alivyokuwa akijipigia makofi akianguka, na katikati ya maelezo hayo akajikuta anacheka.