Mbegu Zilizotupwa Mgombani

Mvua ya Aprili ilipoung'oa muthiga wa Kulwant kule Loresho, mti wa dawa wenye majani makali kama pilipili, uliopandwa na marehemu mumewe Inderjit, mama huyo wa Gurleen alijaza gunia matunda ya mwisho akampelekea Njambi, mwenye kitalu cha miche Kangemi.

"Njambi, nataka mtoto ya hii mti. Moja tu ikimea, mimi nashukuru."

"Mama Gurleen, hapo umefika. Hiyo niachie."

Wala hakuwa akijigamba. Kuhifadhi mbegu Njambi alifunzwa na mamake tangu utotoni. Aliyakamua matunda, akaziosha mbegu, akazichambua kama maharagwe. Zenye kasoro akazimwaga pamoja na maji machafu chini ya mgomba. Zilizonona akazianika juani mpaka zikakauka kau, akazichanganya na jivu, akazifungia katika mkebe wa maharagwe zilale kwanza, kama mamake alivyofanya kila msimu.

Alipozipanda, kimya. Akafukua moja, akaipasua: ndani nyeusi, imenyauka. Kilonzo, jirani yake wa kitalu, alipoiona alitikisa kichwa.

"Aki Njambi, hii si maharagwe. Muthiga hupandwa mbichi. Ikikauka, imekufa."

Njambi aliona aibu mpaka akakosa hamu ya chai. Mti umeshapasuliwa kuni, matunda mengine hakuna, na Mama Gurleen angekuja Jumamosi. Angemwambia nini?

Jumamosi asubuhi akaenda kukata jani la mgomba la kutilia miche kivuli. Kwenye unyevu pale chini, miche midogo ilikuwa imejipanga, majani yakimetameta. Akachuma jani moja, akalitafuna. Ukali wa muthiga ukampanda mpaka masikioni, akacheka peke yake kwa furaha.

Kulwant alipofika, Njambi hakumficha.

"Mama Gurleen, nikuambie ukweli. Zile mzuri nilizitunza mpaka zikakufa zote. Hizi ni zile nilitupa."

Kulwant naye akatafuna jani, akakohoa, akafuta machozi, kisha akaangua kicheko.

"Hii ni Inderjit kabisa! Ukimfunika blanketi, anagonjeka. Ukimwacha kwa mvua, anaimba."

Njambi akamchimbulia miche, mmoja akaubakiza pale pale mgombani. Mkebe akaurudishia maharagwe.